Mafaili ya wateja wangu yamefikaje mtandaoni?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari hapa Masasi: nachapa, naskani, natoa kopi na kuwajazia watu maombi ya kazi na ya mkopo wa chuo. Mwezi wa nane nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika, ina Windows 11. Tangu hapo bando la wiki haliishi siku tatu. Mafaili ya kwenye Desktop yana alama ya wingu, na kila asubuhi naambiwa OneDrive imejaa, ninunue nafasi. Juzi niliifungua nikafuta mafaili mengi ili kupunguza. Yakatoweka na kwenye kompyuta, ikiwemo mikataba ya wateja. Sikuwahi kujiunga na kitu hicho. Niiondoe kabisa? Na kuna mtu anaziona hizo nyaraka?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Naomba usifute kitu kingine wala kuondoa programu yoyote mpaka umalize kusoma. Mafaili ya juzi kuna uwezekano mkubwa yapo bado, lakini hayatakusubiri milele.

OneDrive ni huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Faili likifutwa humo huingia kwenye kapu la takataka la huko mtandaoni, na kwa akaunti za watu binafsi kapu hilo hulishika kwa siku 30. Fungua kivinjari, andika onedrive.com, ingia kwa akaunti ileile iliyo kwenye kompyuta, tafuta "Recycle bin", chagua mafaili yako, bonyeza "Restore". Angalia pia lile kapu la kwenye kompyuta yenyewe, ila yale yaliyokuwa na alama ya wingu tupu hutayakuta humo. Hayo hayakuwa kwenye diski yako. Ulikuwa unaona jina na picha ya faili tu, lenyewe liko mbali, na ukilibonyeza ndipo linashushwa kwa bando lako.

Utaniuliza: niingie kwa akaunti gani, na mimi sikufungua yoyote? Hapo ndipo penye uzito wa barua yako kuliko habari ya bando. Bonyeza lile wingu dogo chini kulia, karibu na saa, kisha alama ya gia, "Settings", halafu "Account". Utaona anwani ya barua pepe. Isome vizuri.

Kama ni yako, labda uliiandika siku ile ulipowasha kompyuta mara ya kwanza ukidhani unafungua kompyuta tu, basi nyaraka zimekwenda kwenye akaunti yako na tatizo ni dogo kidogo. Kama ni ya aliyekuuzia, au ya mtu ambaye hata yeye hamjui, basi kila ulichokiweka kwenye Desktop tangu Agosti kimekuwa kikipanda kwenye akaunti ya mtu mwingine, naye anaweza kukifungua kwa simu yake popote alipo. Inawezekana hana habari kabisa. Lakini fikiria kilichopo humo: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya kuuziana mashamba ya mikorosho, majibu ya hospitali ambayo mtu alikuja kuyaskani ayatume kwa ndugu, na sasa msimu wa minada ukianza, orodha za wakulima zenye namba za simu na za benki. Watu hao walikukabidhi wewe. Ndiyo maana nasema suala hili lishughulikiwe leo, si mwisho wa mwezi.

Ikiwa akaunti ni ya muuzaji, mpigie simu sasa, kabla ya zile siku 30. Mweleze kwa upole aingie mwenyewe, arudishe uliyofuta, na asiguse kingine chochote mpaka umwambie umeshayapakua. Kumgombeza kabla mafaili hayajarudi hakutakusaidia.

Sasa nieleze jinsi ulivyoingia humo bila kujua, kwa sababu kosa si lako. Windows 11, tangu ilipotoka mwaka 2021, toleo lake la Home hudai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuisanidi. Mwaka 2022 toleo la Pro likafuata kwa matumizi binafsi. Ukishaingiza akaunti, OneDrive imo tayari. Zamani ilikuuliza kama unataka folda zako zihifadhiwe. Mwaka 2024 watumiaji katika nchi nyingi waligundua kwamba usanidi mpya unaiwasha wenyewe bila kuuliza. Folda zinazochukuliwa ni zile ambazo kila mtu huzitumia: Desktop, Documents na Pictures. Na hazinakiliwi tu. Zinahamishwa. Fungua File Explorer, bonyeza kulia jina la Desktop, tazama "Properties", na utaona njia yake inapita ndani ya folda iitwayo OneDrive. Mtu aliyezoea kuweka kazi zake Desktop miaka yote anaendelea kufanya hivyohivyo, kumbe chini yake sakafu imebadilishwa.

Mimi sikubaliani na utaratibu huu, na nitalisema wazi. Kuhifadhi nakala ni jambo jema. Nimeona machozi ya watu waliopoteza tasnifu kwa diski iliyokufa. Lakini ridhaa ya mtu huombwa kabla ya kuchukua vitu vyake. Kumpa kitufe cha kuzimia, kilichofichwa menyu tatu ndani, baada ya vitu kuondoka, hakuwezi kuitwa kuomba.

Nafasi ya bure ni GB 5. Iliwahi kuwa 15, ikapunguzwa mwaka 2016, kwa hiyo hata ukubwa wa zawadi hauko mikononi mwako. Piga hesabu ya kazi yako: ukurasa mmoja ulioskaniwa kwa rangi ukichukua MB 2, GB 5 zinajaa kwa kurasa kama 2,500. Steshenari inayoskani kurasa 40 kwa siku inafika hapo ndani ya miezi miwili na siku chache. Na kila ukurasa unapanda kwa bando lako, kisha unashuka tena siku ukiuhitaji kama umegeuzwa kuwa wa wingu tupu. Bando lako linaishia huko.

Kuna jambo la pili linalowapata watu wakaenda kubadilisha nywila bure. Tangu Februari 2023, viambatisho vya barua pepe za Outlook na Hotmail huhesabiwa ndani ya zile GB 5. Zikijaa, barua haziingii wala kutoka. Kama una mteja aliyetumia anwani ya aina hiyo kuombea kazi, na akaunti yake imejaa picha za simu, wito wa usaili unaweza kumgonga mlango asiusikie. Waulize wateja wako.

Ujumbe unaosema "nunua nafasi" usikutishe, lakini usiupuuze mwaka mzima. Akaunti ikikaa imezidi kiwango kwa zaidi ya miezi 6, masharti yanairuhusu kampuni kufuta yaliyomo.

Umefuta kule, yakapotea na huku. Hilo linakuonyesha kwamba ulichonacho ni ulinganishaji: mahali pawili panalazimishwa kufanana kila dakika. Ukiharibu upande mmoja, wa pili unafuata. Kirusi kikiingia kwa flashi ya mteja, na steshenari hakuna siku flashi isiyojulikana haijachomekwa, kikayavuruga mafaili, yaliyovurugika yanapanda juu pia. Nakala ya akiba ni ile isiyosikia kilichotokea kwenye kompyuta mpaka wewe mwenyewe uichomeke.

Umeuliza kama kuna mtu anaziona. Nijibu kwa haki pande zote. Mafaili yakiwa njiani na yakiwa kwenye seva za Microsoft yamefungwa kwa usimbaji, yaani yamevurugwa yasisomeke bila ufunguo, kwa hiyo mwizi wa pembeni hayasomi kirahisi. Ila funguo anazo mwenye seva, si wewe. Mfumo wao hupekua picha kwa mashine kutafuta picha za unyanyasaji wa watoto, kwa teknolojia iitwayo PhotoDNA iliyotengenezwa mwaka 2009, na lengo hilo hakuna mtu mwema anayelipinga. Inakuonyesha tu kwamba yaliyomo yanasomeka kwao. Halafu ipo sheria ya Marekani ya mwaka 2018, CLOUD Act, inayozilazimisha kampuni za huko kutoa data kwa amri halali hata kama seva iko nchi nyingine. Microsoft yenyewe ilipambana mahakamani miaka kadhaa, tangu mwaka 2013, ikikataa kutoa barua pepe zilizokuwa Ireland. Sheria hiyo ilipopita, kesi ikafikia mwisho. Kwa hiyo sisemi kuna mfanyakazi ameketi anasoma mkataba wa shamba la Chiungutwa. Hatari iliyo karibu yako zaidi ni mwenye ile akaunti, na yeyote atakayeipata nywila yake.

Na kwetu sheria ipo. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka wajibu kwa anayekusanya na anayechakata taarifa za watu, na ina masharti kuhusu kuzisafirisha nje ya nchi. Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Wewe mwenye mashine ya kuskani ukidhani hayo ni ya mabenki na kampuni za simu, fikiria tena. Kwa mtu wa Nanyumbu aliyekuja na bahasha yake mkononi, mkusanyaji wa taarifa zake ni wewe.

Twende kwenye kutoka. Fuata mpangilio huu kama ulivyo, kwa sababu wanaopoteza mafaili wengi huanza na hatua ya mwisho.

Ukisharudisha uliyofuta, hakikisha kila kitu kimeshuka kwenye diski. Fungua File Explorer, bonyeza kulia folda ya OneDrive, chagua "Always keep on this device". Itaanza kupakua. Kama ni GB nyingi, subiri mahali penye Wi-Fi unayoiamini au tumia bando la usiku. Alama ya wingu la buluu maana yake faili halipo kwako. Duara la kijani lenye tiki nyeupe ndani, lililojaa rangi, maana yake limeshuka na litabaki. Usiende mbele mpaka yote yawe na duara hilo.

Kisha chomeka diski ya nje na unakili folda nzima humo. Fungua mafaili matano sita kutoka kwenye diski ya nje, si kwa kutazama jina tu. Yafungue uyasome.

Ndipo urudi kwenye wingu dogo, gia, "Settings", "Sync and backup", "Manage backup", na uzime folda moja moja. Hapa watu hushtuka: Desktop inabaki tupu. Hayajapotea. Yamebaki ndani ya folda ya OneDrive, na inabidi uyahamishe mwenyewe kuyarudisha. Baadhi ya matoleo mapya hukuuliza unataka yabaki wapi. Ukiulizwa, chagua kwenye kompyuta yako. Yakisharudi, nenda "Account" ubonyeze "Unlink this PC". Kuanzia hapo hakuna kinachopanda.

Kompyuta yako ina jambo la ziada kwa kuwa ni ya mkono wa pili. Windows 11, hasa toleo la 24H2 la mwaka 2024, mara nyingi huifunga diski kwa usimbaji yenyewe, na ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 hupelekwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyoingia kwanza. Akaunti hiyo ikiwa ya muuzaji, siku mashine itakapokuuliza ufunguo, labda baada ya fundi kubadilisha kifaa au kugusa mipangilio ya kuwakia, itabidi uuombe kwake, na asipopatikana diski imekufa ikiwa hai. Nenda "Settings", "Privacy & security", "Device encryption". Ikiwa imewashwa, nakushauri hivi: ukiwa na nakala yako salama kwenye diski ya nje, tumia "Reset this PC" kuifuta kompyuta yote na kuisanidi upya kama yako. Ukidaiwa akaunti, weka yako mwenyewe, zima uhifadhi wa folda kabla hujachapa hata barua moja, na uandike ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye daftari linalokaa nyumbani. Usimbaji wenyewe uache. Kompyuta ya steshenari ikiibiwa, ndio utakaowalinda wateja wako.

Muuzaji naye umwombe afute mafaili yako kwenye akaunti yake, amwage na lile kapu, na aondoe kompyuta hiyo kwenye orodha ya vifaa vyake. Fanya hili mwisho, ukishakuwa na nakala mbili mkononi. Ukimwambia afute wakati bado mmeunganishwa, yatafutika na kwako, kama yalivyokufanyia juzi.

Kwa upande wa bando, iambie Windows ukweli: "Network & internet", chagua Wi-Fi au hotspot unayotumia, washa "Metered connection". OneDrive husimama yenyewe ikijua intaneti ni ya kipimo, na masasisho mengi nayo hupunguza kasi. Hata usipoondoa kitu, hilo pekee utaliona kwenye matumizi ya wiki ijayo.

Baada ya hapo kazi zako ziweke wapi? Tengeneza folda moja ya kazi moja kwa moja kwenye diski C, nje ya Desktop na Documents, uiite KAZI. Ndani yake tenganisha vitu vyako, yaani vielelezo vya barua, fomu tupu na hesabu za duka, na vitu vya wateja. Vya wateja visikae. Mtu akishachukua karatasi yake na akathibitisha haina makosa, mpe faili kwenye flashi yake au mtumie, kisha futa. Najua wapo wanaorudi baada ya mwezi wakiomba "ile CV yangu", na kuihifadhi kunakuletea biashara. Basi muulize: nikutunzie au nifute? Wengi watasema tunza, na hapo una ridhaa uliyoiomba kwa mdomo wako. Hao uwatunzie kwenye faili lililofungwa kwa nywila. Programu ya bure ya 7-Zip inafanya hivyo kwa usimbaji imara uitwao AES-256.

Nakala za akiba ziwe kwenye diski mbili za nje, unazobadilishana kila wiki. Moja ikae nyumbani, kwa sababu moto au mwizi wa dukani hachagui. Wenzetu wa Mtwara mjini, Lindi na Kilwa wazifunge ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Unyevu wa chumvi unakula vifaa kimyakimya. Na diski isikae imechomekwa siku nzima, umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa kishindo.

Kuna watakaokuambia mtandaoni ndiko salama zaidi. Kwa vyeti vyako mwenyewe, ukivifunga kwanza kwa nywila, sipingi; nakala ya mbali ina faida zake. Lakini kusini tunajua umbali ni nini. Mwanzoni mwa Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, na intaneti ikazorota nchi nzima. Aliyekuwa na mafaili ya wingu tupu siku hiyo hakuweza kuchapa hata fomu aliyoijaza jana yake. Mwenye diski mezani aliendelea na kazi.

Dukani kwako angalia na hili, linafanana na tatizo lako kwa njia ya kinyume. Mteja akiingia Gmail kwenye Chrome ya duka, kivinjari humwuliza kama awashe ulinganishaji. Akikubali, alamisho na nywila zilizohifadhiwa humo, pamoja na zako, zinaweza kwenda kwenye akaunti yake, akatoka nazo mlangoni. Wafungulie wateja dirisha la "Guest" wakati wote, na wewe usihifadhi nywila yoyote kwenye kivinjari cha duka.

Na simu zenu vilevile. Tangu mwaka 2024 nakala za WhatsApp kwenye Android huhesabiwa ndani ya GB 15 za Google, kwa hiyo wanaopokea nyaraka za wateja kwa WhatsApp wanazipandisha usiku wakiwa wamelala. Fungua mipangilio ya mazungumzo, nenda kwenye hifadhi rudufu, zima video, na washa usimbaji wa mwisho hadi mwisho wa nakala hiyo.

Niiondoe kabisa? Ndiyo, ukishamaliza yote hayo unaweza: "Settings", "Apps", tafuta Microsoft OneDrive, "Uninstall". Kuiondoa hakufuti yaliyoko mtandaoni, wala hakuharibu Windows. Ila baada ya kila sasisho kubwa la Windows, bonyeza Desktop kulia, soma "Properties" tena. Njia ikiwa imerudi kupitia OneDrive, izime kabla ya mteja wa kwanza.